Barua ya wazi kwa Wizara ya Ulinzi na JKT: watazameni vijana wetu vinywa kabla hawajaripoti kambini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Kwa Mkuu wa JKT,
Nakala kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Elimu, TAMISEMI, na Waganga Wakuu wa Mikoa ya Kigoma na Tabora.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Naandika nikiwa Ujiji, Kigoma. Ni mama, nauza dagaa na mawese. Nina vijana wawili wanaohusika na barua hii: wa kwanza ameshapita JKT kwa mujibu wa sheria, yaani mafunzo ya lazima ya wanaomaliza kidato cha sita, wa pili yuko kidato cha sita na akimaliza mitihani ya Mei zamu yake itakuwa imefika. Nimeona niseme sasa, wakati bado kuna nafasi ya kufanya jambo, kuliko kungoja Juni tukaanza kutafutana kwa simu usiku.

Ombi langu nalitanguliza ili asije mtu akasoma nusu akadhani nalipinga jeshi. Naomba kila kijana atazamwe kinywa na mtaalamu wa meno kabla hajaripoti, na akiumwa jino akiwa kambini ahesabiwe mgonjwa kama anavyohesabiwa aliyeteguka mguu.

Mafunzo yenyewe nayaunga mkono. JKT ipo tangu mwaka 1963, na wazazi wa rika langu tunakumbuka mafunzo ya mujibu wa sheria yaliposimamishwa mwaka 1994 na yaliporejeshwa mwaka 2013. Kijana wangu alikwenda kambini akiwa hajui kufua shuka, akarudi anaamka kabla ya adhana ya alfajiri bila kuitwa, anakaa chini na wazee anawasikiliza, na ana marafiki kutoka mikoa ambayo mimi naisikia redioni tu. Hayo ni mema na nayashukuru. Ninachoomba ni kwamba mema hayo yasimgharimu mtoto maumivu ambayo mtu mwenye kioo kidogo na tochi angeweza kuyaona mapema.

Nianze na umri, maana hapo ndipo mzizi wa jambo ulipo. Magego ya mwisho, yale ya nyuma kabisa, kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25. Kijana anayemaliza kidato cha sita ana miaka 18, 19 au 20. Kwa hiyo taifa linamwita kambini katika kipindi kilekile ambacho meno yake ya mwisho yanatafuta njia ya kutoka. Wengine yanatoka vizuri wala hawajui. Wengine taya halina nafasi: jino linalala, linasukuma la jirani, au linatoka nusu na nusu nyingine inabaki imefunikwa na kipande cha fizi. Chini ya kipande hicho chakula kinaingia na mswaki haufiki. Vijidudu vinazaliana humo, fizi inavimba, na kila akitafuna gego la juu linaigonga fizi ileile iliyovimba. Siku nyingine uvimbe unashuka wenyewe. Siku nyingine unapanda hadi taya linakaza, homa inaingia, na mtu hawezi kufungua mdomo.

Daktari wa meno aliyemtibu mwanangu alinieleza kwamba hali hii inapenda kuibuka mtu anapokuwa amechoka, halali vya kutosha, ana msongo wa mawazo na anapiga mswaki kwa haraka au hapigi kabisa. Nilipomsikia niliwaza moja kwa moja wiki za mwanzo kambini. Mchakamchaka gizani, gwaride, kazi za shamba, lindo usiku, usingizi wa kuibaiba. Sisemi kambi inaleta ugonjwa. Jino lilikuwa limekaa vibaya tangu nyumbani, na kambi inalikuta tu likiwa tayari kulipuka.

Sasa nieleze kilichompata kijana wangu. Kambi sitaitaja, mkoa pia sitautaja, kwa sababu sitafuti mtu wa kuadhibiwa.

Aliondoka nyumbani mzima, au tuseme hivyo ndivyo sote tulivyoamini. Mafunzo yalipokolea, simu iliingia usiku kwa namba nisiyoijua. Alikuwa afande mmoja, kijana mwenye adabu, akaniamkia kwanza kisha akasema, "Mama, ongea na mwanao kidogo." Mwanangu aliongea kama mtu mwenye kokoto mdomoni. Aliniambia jino la nyuma la chini, kushoto, limemsumbua muda, amekwenda zahanati ya kikosi akapewa dawa ya maumivu na antibayotiki, akapata nafuu, akarudi kwenye ratiba, na sasa limerudi kwa hasira. Mdomo unafunguka kiasi cha vidole viwili. Ugali haupiti, anakunywa uji kwa upande mmoja. Akiwa lindoni anashika kikombe chake cha bati kilichopata baridi ya usiku na kukibandika shavuni, kwa kuwa ndicho kitu pekee kinachomtuliza.

Nilimuuliza kama amewaambia wakubwa zake. Akanyamaza kidogo, halafu akasema ameshaambiwa anategea.

Neno hilo limenikaa moyoni. Naelewa kwamba wapo vijana wanaotegea. Mwenye kulea anajua. Mkufunzi ana mamia ya vijana mbele yake na kila asubuhi kuna anayeumwa kichwa, tumbo au mgongo. Mguu ulioteguka unavimba, unaonekana. Malaria ina kipimo. Jino halionekani mpaka mtu afungue mdomo, na aliye mbele yake awe anajua anachokitafuta. Kwa hiyo mwenye maumivu ya jino anakuwa wa kwanza kushukiwa na wa mwisho kuaminiwa, mpaka siku shavu litakapovimba, na siku hiyo ugonjwa unakuwa umeshakwenda mbali.

Kuhusu zile dawa pia kuna jambo linalopaswa kueleweka na kila zahanati ya kikosi. Antibayotiki inapunguza moto, haiondoi chanzo. Fizi iliyofunika jino inabaki pale pale, chakula kitaingia tena. Kwa jino lililooza hadi ndani hali ni ngumu zaidi: kiini cha jino kikishakufa damu haipiti humo, na dawa unayomeza inasafiri kwa damu, kwa hiyo haifiki kwenye uchafu wenyewe. Usaha unahitaji kutolewa, na jino linahitaji kusafishwa mzizi na kuzibwa, au kung'olewa. Kijana anayepewa vidonge leo, akapata nafuu, akarudi baada ya muda kuomba vingine, anakuwa anaonyesha kwamba chanzo kipo bado. Akirudi mara ya pili apelekwe kwa mtaalamu wa meno, hapo hakuna cha kubishania.

Mwanangu alipelekwa hospitali hatimaye, na hapo tena namshukuru yule afande aliyempigania apate gari. Alipigwa ganzi, jino likang'olewa, akarudi kikosini jioni. Kesho yake alfajiri alikuwa kwenye mchakamchaka pamoja na wenzake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, ni kwamba hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyeng'olewa jino apumzike. Damu ilianza tena kutoka. Alisukutua kwa nguvu kwa maji ili aiondoe, na lile donge la damu lililokuwa limeganda kwenye shimo likatoka. Donge lile ndilo linalofunika mfupa wakati kidonda kinapona. Likitoka mapema mfupa unabaki wazi, na baada ya siku mbili tatu yanaingia maumivu makali kuliko ya jino lenyewe, yanapanda hadi sikioni. Ndicho kilichomfika. Alirudishwa hospitali kusafishwa na kuwekewa dawa shimoni. Ilikuwa safari ya pili na gari la pili, na siku nyingine za mafunzo zilipotea kwa jambo ambalo mapumziko ya siku moja au mbili, bila kukimbia wala kubeba mizigo, yangepunguza sana uwezekano wake.

Huyo alipona. Ninaowaogopea ni wale ambao hawatapata afande wa kuwapigania.

Waheshimiwa, wapo watu wanaodhani jino haliui. Linaua. Usaha wa gego la chini ukivunja njia kwenda chini ya ulimi na shingoni, uvimbe unakuja pande zote mbili za taya, sakafu ya mdomo inanyanyuka, ulimi unasukumwa juu na nyuma, mgonjwa anashindwa kumeza hata mate yake, sauti inabadilika, na njia ya hewa inaweza kuziba. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliieleza hali hii mwaka 1836 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ikishaanza inahesabiwa kwa saa. Naomba ishara hizi zijulikane kwa kila mkufunzi wa kombania, hata asiyejua chochote cha tiba: uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, kushindwa kumeza, mdomo kutofunguka, homa pamoja na jino, kuhema kwa shida. Mojawapo ya ishara hizo ikionekana, gari liwake hata kama ni usiku wa manane. Na kwa vijana wachache wenye matatizo ya vali za moyo, vijidudu vya kinywani vikiingia kwenye damu vinaweza kwenda kukaa moyoni, kwa hiyo lazima daktari ajue hali ya moyo kabla hajagusa jino.

Naandika pia kama mwenyeji. Mkoa wetu wa Kigoma una kambi za Bulombora, Mtabila kule Kasulu, na Kanembwa kule Kakonko. Wenzetu wa Tabora wana Msange. Kila mwaka watoto wa Dar es Salaam, Mbeya, Mtwara na kwingineko wanashuka huku kwa treni na mabasi, wengine ndiyo mara ya kwanza kuvuka Tabora kuja magharibi. Tunawaona stendi na mabegi yao, bukta za bluu na raba mpya. Mama zao wako mbali nao kama nilivyokuwa mbali na wangu, na sisi huku ndio majirani zao wa karibu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iko Kigoma mjini, na Tabora wana Kitete. Kutoka Kakonko hadi Maweni ni safari ya saa kadhaa barabarani. Hospitali za wilaya zipo karibu zaidi na zinafanya kazi kubwa. Ninachouliza ni jambo dogo: je, kila kambi inajua kwa hakika ni hospitali ipi iliyo karibu yenye tabibu wa meno, siku gani yupo, ganzi ipo, na kambini ni nani mwenye mamlaka ya kumtoa kijana bila kupitia ngazi tano za ruhusa? Jibu la swali hilo linaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani mwa zahanati ya kikosi.

Majeshi ya wenzetu yamejifunza somo hili kwa hasara. Waingereza walipopigana Afrika Kusini kati ya 1899 na 1902 iliwabidi kuwaondoa kazini askari wengi kwa sababu ya meno, watu wasioweza kutafuna chakula kigumu cha vitani. Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, walikwenda Ufaransa tena bila daktari wa meno. Oktoba mwaka huo Jenerali Douglas Haig, mmoja wa makamanda wao wakuu, mwenyewe akashikwa na jino katikati ya mapigano, ikabidi aitwe daktari kutoka Paris. Baada ya hapo ndipo madaktari wa meno walipoanza kupelekwa, na mwaka 1921 jeshi lao likaunda kikosi rasmi cha madaktari wa meno. Inaniuma kuona kwamba ilibidi aumwe mkubwa ndipo wadogo watibiwe. Katika vita hivyohivyo askari walioishi kwenye mahandaki walioza fizi, zikavuja damu na kutoa harufu, kwa uchovu, msongo, sigara na kukosa nafasi ya kusafisha kinywa.

Leo jeshi la Marekani linampanga kila askari katika daraja moja kati ya manne. La kwanza ni asiyehitaji matibabu yoyote, la pili ana tatizo dogo linaloweza kusubiri, la tatu ana jino linaloelekea kulipuka ndani ya miezi 12, na la nne hajapimwa au kipimo chake kimepitwa na wakati. Wa daraja la tatu na la nne kwa kawaida hapelekwi kazini mbali mpaka ashughulikiwe. Hatuna fedha zao, naelewa. Lakini kugawa watu makundi hakuhitaji fedha zao. Kunahitaji macho ya tabibu wa meno, kioo cha mdomoni, mwanga, glavu, na daftari.

Na muda upo, ndiyo maana naandika kwa matumaini. Vijana wa kidato cha sita wako pamoja shuleni hadi Mei. Wakishamaliza mitihani, tangazo linatoka, wanaripoti mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, na hapo katikati hakuna nafasi ya kuziba jino achilia mbali kung'oa na kupona. Kipindi kinachofaa ni kabla. Tarehe 20 Machi dunia huadhimisha Siku ya Afya ya Kinywa na Meno, na kila mwaka mnamo Machi wataalamu wetu hutoka ofisini wakaenda kupima watu bure. Naiomba Wizara ya Afya na TAMISEMI wazipe kipaumbele shule zenye kidato cha tano na sita katika zoezi hilo. Tabibu wa meno wa wilaya akae shuleni siku moja au mbili, awatazame wote wa kidato cha sita, na kila mmoja aondoke na karatasi yenye mojawapo ya maneno matatu: mzima, anasubiri, atibiwe kabla ya kambi. Aliyeandikiwa la tatu, mzazi ana Machi, Aprili na likizo fupi ya kuhangaika. Hata mzazi wa hali ya chini akijua mapema anaweza kuuza debe la mawese akamtibu mtoto. Asichoweza ni kumtibu mtoto aliye umbali wa siku mbili za basi, ambaye hata simu yake hashiki.

Karatasi hiyo iingie kwenye orodha ya mahitaji ya JKT. Orodha inayotangazwa naijua karibu kwa moyo kwa kuwa nimeinunulia vitu: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, inayofika magotini na isiyo na zipu, fulana ya kijani, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, tracksuti, nguo za baridi, nyaraka za kuombea chuo, nauli ya kwenda na kurudi. Imepangwa kwa makini, mpaka zipu imefikiriwa. Aliyefikiria zipu anaweza kufikiria pia karatasi ya meno, mswaki wa akiba na dawa ya meno yenye floraidi.

Kisha kambini kwenyewe. Ratiba iwe na nafasi ya kupiga mswaki usiku kabla ya kulala, iwe amri kama zilivyo amri nyingine. Asubuhi wanakimbizwa na haiwezekani vinginevyo, nakubali, lakini usiku ndio muhimu zaidi, kwa sababu mtu akilala mate hupungua na meno hubaki bila kinga. Dakika tano zinatosha. Nidhamu ya kutandika kitanda wameiweza. Hii nayo wataiweza, na itabaki nao maisha yote. Na maduka ya kambini yaangaliwe. Kijana aliyechoka anakimbilia soda na biskuti, anakunywa kidogokidogo mchana kutwa, na kila funda linayapa meno tindikali upya. Sisemi zipigwe marufuku. Karanga, ndizi na maji viwepo pia, kwa bei inayovutia.

Nataka kusema neno la pekee kuhusu vijana wa kujitolea, wale wanaokaa miaka miwili. Wa mujibu wa sheria wana miezi mitatu tu, wakibana meno watamaliza. Wa kujitolea wanatazamia ajira katika vyombo vya ulinzi, na wanaogopa kila kitu kinachoweza kuandikwa kwenye faili. Jirani yangu hapa Ujiji ana binti aliyekaa na jino linalotoa usaha karibu mafunzo yote, akilipooza kwa karafuu, kwa kuogopa kwamba akionekana mgonjwa ataondolewa. Hakumwambia hata mama yake. Watoto wa aina hii hawatakwenda zahanati wenyewe. Ni lazima Mkuu wa JKT atamke wazi, na wakuu wa vikosi walirudie kwenye gwaride, kwamba jino bovu linalotibika halimwondoi mtu wala halimpunguzii sifa. Maneno hayo yakitoka juu yatasikika mpaka mabwenini. Yakitoka kwa mzazi hayafiki.

Na kuhusu kutufahamisha sisi wazazi: hawa ni watu wazima kisheria, sidai niombwe ruhusa. Naomba tu kijana akipelekwa hospitali, simu moja ipigwe nyumbani na mtu wa kikosi, iwe ni utaratibu, isitegemee huruma ya afande mmoja mmoja. Mzazi anaweza kuwa na taarifa ambayo daktari anaihitaji, kwa mfano mzio wa dawa, pumu, selimundu, au moyo.

Wazazi wenzangu mnaosoma hii, nasi tuna sehemu yetu na haingoji wizara. Mpeleke mtoto akatazamwe hata kama haumwi. Mwenye waya za meno au meno ya bandia aende na maelezo ya daktari wake. Na tuache yale ya kusagia aspirini kwenye fizi, inaunguza nyama na jino linabaki vilevile. Maji ya betri ndiyo kabisa, nimeona midomo iliyoungua kwa hayo. Karafuu na maji ya vuguvugu yenye chumvi vinatuliza kwa muda, havitibu.

Waheshimiwa, sina takwimu za kuwawekea mezani. Ninyi mnazo, au mnaweza kuzipata: kila zahanati ya kikosi ina daftari la wagonjwa. Naomba madaftari ya mwaka mmoja tu yafunguliwe, waliokuja na jino wahesabiwe, siku za mafunzo zilizopotea zihesabiwe, na mafuta ya gari yaliyotumika kuwapeleka hospitali yajumlishwe. Nina hakika gharama ya tabibu mmoja kukaa shuleni siku moja mwezi Machi itaonekana ndogo mbele ya jumla hiyo.

Mwanangu wa pili atatazamwa Maweni kabla ya Aprili, nitampeleka mwenyewe. Kama wizara itakubali kuwa na karatasi ya meno, naomba mfano wake utumwe kwa Afisa Elimu Mkoa na Mganga Mkuu wa Mkoa mapema, ili daktari aijaze siku hiyohiyo. Na kama haitakubali, naomba tuelezwe sababu, kwa maandishi, kwa njia ileile inayotumika kutangaza orodha ya vifaa.

Wenu katika kulijenga taifa,

Mama wa vijana wawili,
Ujiji, Kigoma.